Kanuni isiyosikika: stendi ya maikrofoni na hatima ya ala za taarabu asilia

Anayehudhuria onyesho la taarabu asilia kisiwani Unguja huweza kukutana na jambo la kusikitisha. Mpigaji wa kanuni ameketi mbele kabisa, vidole vyake vya shahada vimevishwa pete za kupigia, mikono yote miwili inakimbia juu ya nyuzi, lakini katika spika hasikiki. Kinachosikika ni kinanda cha umeme, besi na sauti ya mwimbaji. Baadhi ya watu huilaumu maikrofoni, wengine humlaumu fundi mitambo, na wapo wanaohitimisha kwamba ala yenyewe imepitwa na wakati. Mara nyingi kosa liko mahali pasipotazamwa na mtu: kwenye chuma kinachoishikilia maikrofoni.

Chuma hicho mafundi hukiita stendi, neno lile lile tulilozoea kwa vituo vya mabasi. Ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo jukwaani, na kwa kawaida hununuliwa mwisho, kwa fedha zilizobaki baada ya spika na miksa kulipiwa. Hata hivyo maikrofoni ya kawaida iliyowekwa mahali pake hushinda maikrofoni ya ghali iliyowekwa popote, na kinachoiweka mahali pake, kikaizuia isiondoke hapo kwa muda wa saa tatu za onyesho, ni stendi. Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua na kuitumia, kwa mfano wa taarabu ya jirani zetu wa Zanzibar, kisha yanarudi nyumbani kwenye ngoma na inanga za Burundi.

Ala zinazotegemea hewa

Taarabu ya Zanzibar ina deni kubwa kwa kanuni. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Misri mtu aliyeitwa Mohammed Ibrahim akajifunze kuipiga ala hiyo, na kwamba aliporudi ndipo muziki huo ulipotia mizizi visiwani. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, na mwaka 1958 kikazaliwa kile kijulikanacho leo kwa jina la Culture Musical Club. Katika vikundi vya namna hii hukusanyika kanuni, udi, fidla, nai, akodiani, dumbak, rika na besi kubwa ya kusimama. Ala hizi zote zina sifa moja: sauti yake huzaliwa katika ubao, ngozi au bomba, ikaingia hewani, na ni lazima maikrofoni iinase huko hewani kabla haijapotea.

Kinanda cha umeme hakina shida hiyo. Waya mmoja hutoka kwenye kinanda ukaingia kwenye miksa, na fundi akikipandisha, kinapanda. Vikundi vya taarabu ya kisasa vilipoegemea vinanda na magitaa ya umeme, sababu zilikuwa nyingi: gharama, ladha ya vijana, uchache wa walimu wa kanuni na nai. Lakini ipo sababu moja isiyotajwa sana, nayo ni kwamba ala ya umeme ni rahisi kusikika. Mzee anayepiga udi kwa ustadi wa miaka mingi, akikaa karibu na kinanda cha umeme bila maikrofoni iliyowekwa sawasawa, hugeuka pambo la jukwaa. Na asiyesikika leo hatakuwa na mwanafunzi kesho, kwa kuwa kijana huvutwa na kile kilichomfikia sikioni.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Onyesho likirekodiwa huku ala haisikiki, hakuna mtambo wa baadaye utakaoirejesha kikamilifu. Kile ambacho maikrofoni haikukinasa siku hiyo hakimo katika rekodi.

Kabla ya stendi, na mtu aliyeikataa

Hadi katikati ya miaka ya 1920, muziki ulirekodiwa kwa pembe kubwa ya chuma. Wakati huo kilichosogezwa hakikuwa chombo, bali mwanamuziki: mwenye ala ya sauti ndogo aliletwa karibu na mdomo wa pembe, mwenye ala ya kishindo akarudishwa nyuma. Maikrofoni ya umeme iliingia katika biashara ya santuri mwaka 1925. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao, mabadiliko hayo yalikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Tangu hapo ikawezekana mwanamuziki akae alivyozoea kukaa, na chombo ndicho kimfuate.

Si kila mtu aliona kwamba chombo hicho kinahitaji stendi. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi muziki wa asili, na ambaye mwaka 1952 alirekodi wanamuziki wa Mwami wa Rwanda, alipendelea kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe. Alisogea nayo kuelekea kwa mwimbaji maneno yalipoanza, akaigeuzia ala zilipojibu. Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoiasisi mwaka 1954, na hadi leo zinasikika kwa uwazi wa kushangaza. Njia yake, hata hivyo, ilikuwa na masharti mawili: mkono ulikuwa wa mtu mwenye sikio lililozoea muziki ule, na wimbo ulikuwa mfupi, kwa kuwa sahani ya santuri ya enzi hizo haikubeba zaidi ya dakika tatu au nne kila upande. Wimbo wa taarabu huweza kuendelea zaidi ya dakika kumi, na kundi huweza kuwa na ala kumi na zaidi. Hakuna mikono ya kutosha. Kwa hiyo uamuzi ambao Tracey aliufanya kila sekunde, fundi wa leo anaufanya mara moja, kabla ya onyesho, kisha anaukabidhi kwa stendi.

Hesabu ya umbali

Ili kuelewa kwa nini sentimita chache ni jambo kubwa, inafaa kujua kanuni moja ya sauti (kanuni kwa maana ya sheria, si ala). Kila umbali kati ya ala na maikrofoni unapozidishwa mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja kutoka kwenye ala hupungua kwa takriban desibeli 6. Tuseme maikrofoni iko sentimita 10 mbele ya udi. Mpigaji akiegemea kiti na kurudi nyuma sentimita 10 tu, umbali umekuwa maradufu, na msikilizaji ataona kama mtu amepunguza sauti. Lakini kama maikrofoni ingekuwa sentimita 40 mbali, kule kuegemea kiti kungeongeza umbali hadi sentimita 50, na upungufu ungekuwa takriban desibeli 2, kiasi ambacho wengi hawatakitambua.

Kwa hesabu hiyo mtu angedhani kwamba kukaa mbali ni bora daima. Sivyo. Maikrofoni iliyo mbali husikia pia dumbak ya jirani, akodiani ya nyuma, na zaidi ya yote husikia spika. Ikisikia spika, sauti huzunguka: inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maikrofoni, inarudi kwenye spika, hadi ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Maikrofoni iliyo karibu mno nayo ina kasoro yake. Maikrofoni nyingi za jukwaani, zile zinazosikia zaidi upande wa mbele, huongeza sauti nzito ala inapokuwa karibu sana, na udi wenye tumbo kubwa huanza kuvuma kama pipa. Hivyo fundi hutafuta mahali pa katikati, na mahali hapo pana upana wa sentimita chache tu.

Hapa ndipo stendi mbovu inapofanya uharibifu wake, tena kimyakimya. Kiungo kilicholegea hakiangushi maikrofoni ghafla, huiteremsha polepole. Onyesho lilianza maikrofoni ikiwa sentimita 30 juu ya kanuni. Baada ya nyimbo tatu mkono wa stendi umelala kidogo na maikrofoni inatazama goti la mpigaji. Fundi aliye nyuma ya ukumbi haoni, anasikia tu kwamba kanuni imefifia, basi anaongeza sauti. Kinachoongezeka ni dumbak na mluzi. Baada ya mluzi wa pili huamua kuifunga kabisa njia hiyo, na kanuni imeondoka katika onyesho bila mtu yeyote kukusudia.

Ipo kanuni nyingine ambayo mafundi huifuata ala zinapokuwa nyingi. Umbali kati ya maikrofoni moja na nyingine uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila maikrofoni na ala yake. Ikiwa kila maikrofoni iko sentimita 20 mbele ya fidla yake, basi maikrofoni hizo zisikaribiane chini ya sentimita 60. La sivyo sauti ya fidla moja huingia katika maikrofoni mbili kwa nyakati zinazotofautiana kidogo mno, na zikichanganywa hukatana. Fidla husikika nyembamba, kana kwamba inapigwa ndani ya bomba.

Kuijua stendi yenyewe

Stendi ina sehemu tatu za kuangaliwa: kitako, mlingoti na mkono. Kitako huwa cha namna mbili. Kipo cha miguu mitatu inayokunjuka, chepesi kubebwa na imara hata sakafu ikiwa haiko sawa. Na kipo cha sahani nzito ya chuma, kinachochukua nafasi ndogo. Wengi hununua cha miguu mitatu kwa kila kazi, na kwa safari ni uamuzi wa busara. Lakini Zanzibar taarabu ina desturi ya kutunza: wasikilizaji, hasa akina mama, hunyanyuka na kucheza taratibu hadi mbele, wakamkabidhi mwimbaji fedha mkononi. Wamevaa nguo ndefu, macho yao yako kwa mwimbaji, na miguu ya stendi imetanuka sakafuni kama mitego. Mahali watu wanapopita, sahani ya chuma ndiyo salama. Ya miguu mitatu iachiwe ala zilizo nyuma.

Mkono ni ule mtaimbo wa pembeni unaoiwezesha maikrofoni kufika mahali ambapo mlingoti hauwezi kusimama. Kwa mwimbaji aliyesimama mkono si lazima. Kwa ala karibu zote ni lazima, kwa sababu ala ina mikono ya mtu juu yake, magoti chini yake, na upinde au vidole vinavyokwenda na kurudi. Lakini mkono ni wenzo, na wenzo huzidisha uzito. Maikrofoni ya kawaida ya jukwaani ina uzito wa gramu 300 hivi. Ikiwa mwishoni mwa mkono wa sentimita 70, inavuta kiungo kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo moja uliotundikwa sentimita 20 tu kutoka kwenye kiungo hicho, na hapo uzito wa mkono wenyewe haujahesabiwa. Ndiyo maana stendi nyepesi huinama, na ndiyo maana mkono haufai kurefushwa zaidi ya inavyohitajika.

Mambo mawili madogo huokoa maikrofoni nyingi. La kwanza, mguu mmoja kati ya mitatu uelekee upande ule ule ulioelekea mkono, ili uzito uegemee juu yake. Mkono ukipita katikati ya miguu miwili, stendi iko tayari kuanguka. La pili, mkono uwekwe upande ambao uzito wake, ukiteremka, unakaza skrubu ya kiungo badala ya kuifungua. Stendi nyingi zina skrubu upande mmoja tu, na fundi asiyejali upande gani atakuwa anakaza usiku kucha. Kukaza kupita kiasi nako si dawa: hukata meno ya kiungo, na kiungo kilichokatika meno hakikazwi tena na chochote.

Anayenunua asimame dukani na kuijaribu. Arefushe mkono wote, aning'inize mwishoni kitu chenye uzito wa maikrofoni, kisha asubiri dakika kadhaa akizungumza na mwenye duka. Ikishuka dukani, itashuka jukwaani. Aangalie kama kichwa kinachobeba viungo ni cha chuma au cha plastiki, kwa maana plastiki ndiyo huvunjika kwanza. Aangalie pia hesi za skrubu ya mwisho, pale kishikio cha maikrofoni kinapofungwa. Duniani hutumika hasa vipimo viwili: cha inchi 5/8, ambacho ni karibu milimita 16, kilichoenea kutoka Marekani, na cha inchi 3/8, karibu milimita 9 na nusu, kilichozoeleka Ulaya. Vifaa vyetu hutoka pande zote, vingine vikiwa vimekwisha kutumika huko vilikotoka, kwa hiyo mara nyingi kishikio hakiingii kwenye stendi. Ufumbuzi ni kijipete cha shaba au chuma chenye hesi za ndani na za nje. Bei yake ni ndogo, na fundi mwenye busara hubeba kadhaa mfukoni, kwa kuwa kinapotea kama kitufe cha shati.

Kanuni, udi na jamaa zake

Kanuni ndiyo ala inayoitaka stendi nzuri kuliko zote. Hulazwa mapajani au juu ya meza ndogo, nyuzi zake, ambazo mara nyingi hupindukia 70, zikitazama juu. Sauti yake hupanda juu pia. Maikrofoni iliyosimamishwa mbele yake kwa usawa, kama ya mwimbaji aliyeketi, husikia ubavu wa sanduku na pumzi za mpigaji. Inatakiwa itoke juu, takriban sentimita 30 hadi 40, ikiuelekea ubao wa sauti. Upande wa kulia wa ala, daraja la nyuzi hukalia ngozi iliyowambwa. Hapo sauti ni kali na yenye kishindo. Upande wa kushoto kuna vijiwenzo vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huvigeuza haraka anapobadilisha sauti za maqam, na kila kimoja hutoa mlio wa kugonga. Maikrofoni ikielekezwa huko, wasikilizaji watasikia mtu anayefunga na kufungua vitasa. Kwa hiyo mahali pake ni katikati, ikiinama kidogo kuelekea kulia.

Yote hayo yanahitaji stendi iliyosimama mbele au pembeni, mlingoti wake juu, mkono wake umevuka hewani hadi juu ya ala, bila kuugusa mkono wa mpigaji na bila kuuziba uso wake mbele ya watu. Si kazi ya stendi ya bei poa. Ikiwa kundi lina fedha za kununua stendi moja tu nzuri, nzito, yenye uzito wa kusawazisha nyuma ya mkono, basi na iwe ya kanuni. Mwimbaji atasikika hata akiishika maikrofoni mkononi.

Udi ni mpole zaidi. Mpigaji ameketi na ala imelala kifuani, uso wake ukitazama wasikilizaji. Stendi fupi yenye mkono, iliyowekwa chini mbele yake, inatosha. Maikrofoni ikae sentimita 20 hadi 30, ikielekea mahali shingo inapokutana na tumbo. Kosa la kawaida ni kuielekeza kwenye tundu la katikati, kwa imani kwamba sauti hutokea hapo. Inatokea kweli, lakini ni mvumo mtupu; utamu wa nyuzi uko pembeni kidogo.

Fidla, ambazo katika taarabu hupangwa safu, hutaka maikrofoni kutoka juu, nusu mita hivi, nje ya njia ya upinde. Upinde ukifika mwisho wake hufika mbali kuliko mtu anavyodhani, na fundi afanye jaribio kwa mpigaji kuvuta upinde wote kabla ya kukaza chochote. Maikrofoni moja kati ya wapigaji wawili mara nyingi hutoa matokeo bora kuliko mbili zilizobanana.

Nai huwahadaa wengi. Kwa kuwa hupulizwa, maikrofoni huwekwa mdomoni, na kinachosikika ni upepo. Sauti ya nai hutoka pia kwenye matundu na mwishoni mwa bomba, kwa hiyo maikrofoni ishuke hadi usawa wa vidole. Akodiani ina pande mbili, na upande wa kushoto husafiri pamoja na mvukuto. Ikiwa kuna maikrofoni moja tu, ikae mbele, mbali kidogo, izisikie pande zote. Besi ya kusimama hutosheka na stendi fupi karibu na daraja lake. Dumbak hulazwa pajani, na maikrofoni huja kutoka juu kuelekea ukingo wa ngozi, kwa umbali wa kiganja kimoja na nusu, mahali ambapo vidole havifiki.

Wapo wanaoziepuka stendi zote kwa kubandika kijimaikrofoni kwenye ala. Kwa mpigaji wa fidla anayesimama na kuyumba ni njia nzuri, na katika ukumbi wenye kelele huondoa ule mluzi. Lakini kijimaikrofoni hicho husikia sehemu moja tu ya ubao, kama daktari anayesikiliza pafu moja akatoa hukumu ya mwili mzima. Kwa kurekodi kumbukumbu, hewa bado ndiyo hakimu bora.

Ngoma na inanga za kwetu

Hapa Burundi maswali yanageuka. Ngoma za kifalme, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hazina tatizo la kutosikika. Wapigaji huingia uwanjani ngoma zikiwa kichwani, wakazipanga nusu duara, huku ngoma ya katikati, inkiranya, ikiongoza. Kisha wanapokezana kuruka na kucheza mbele yake. Stendi iliyowekwa mbele ya inkiranya kwa usawa wa kiuno iko katika njia ya mtu anayeruka kwa nguvu zake zote akiwa na fimbo mkononi. Hatari hiyo ni kwa mchezaji kabla ya kuwa kwa maikrofoni.

Suluhisho ni kurudi nyuma na kupanda. Stendi mbili ndefu, zilizowekwa mita tatu au nne mbele ya nusu duara, maikrofoni zikiwa juu ya vichwa, hunasa kundi zima, kelele za kujibizana na hata vishindo vya miguu ardhini. Ardhi hiyo ndiyo adui aliyebaki. Mtikisiko hupanda kupitia chuma cha stendi na kuingia kwenye maikrofoni kama mngurumo. Kipande cha zulia zito au sponji ngumu chini ya kila mguu husaidia sana, na kishikio chenye mipira inayoning'iniza maikrofoni husaidia zaidi.

Inanga ni kinyume chake. Katika mtindo wetu wa kunong'ona, msanii huketi chini, ala mapajani, na sauti yake haiinuki zaidi ya mnong'ono unaochanganyika na nyuzi hadi masikio hayajui kipi kimeishia wapi. Fundi aliyezoea bendi ataweka maikrofoni mbili, moja ya mdomo na moja ya nyuzi, kisha atapandisha mnong'ono hadi uwe hotuba. Atakuwa amevunja uwiano ambao msanii aliutengeneza mwenyewe kwa miaka. Afadhali maikrofoni moja, kwenye stendi fupi kabisa, mbele yake kwa kiasi cha mkono mmoja, kati ya kidevu na nyuzi. Mnongʼono ukizidi, ishushwe sentimita tano. Nyuzi zikizidi, ipandishwe. Katika kazi hiyo stendi ndiyo miksa, na kiungo kinachoshuka chenyewe ni sawa na mtu asiyealikwa anayechezea vitufe.

Upepo, waya na chumvi

Maonyesho mengi ya visiwani hufanyika nje. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limekuwa likitumia kuta za Ngome Kongwe, karibu na bahari. Upepo wa bahari ukipiga mkono uliorefushwa, stendi hugeuka bendera. Mfuko wa mchanga wa kilo tatu au nne, hata ule wa kushonwa kwa gunia, ukilazwa juu ya mguu unaobeba uzito, humaliza hofu hiyo bila gharama.

Waya nao hupindua stendi nyingi kuliko upepo. Uzungushwe mara moja au mbili kwenye mlingoti, usikazwe kama kamba ya mbuzi, kisha uachwe mduara mmoja wa ziada sakafuni chini ya kitako. Mtu akiukanyaga waya, mduara ule huvutika kwanza, na maikrofoni haijui lolote. Pale waya unapokatisha njia ya watu ubandikwe sakafuni au ufunikwe kwa mkeka.

Onyesho likiisha, skrubu zilegezwe kabla ya kukunja miguu. Anayekunja kwa nguvu huku zimekazwa ndiye anayeziua. Karibu na bahari, stendi zifutwe kwa kitambaa chenye maji safi kidogo kisha kikavu, hasa ndani ya mlingoti unaoingiana, kwani chumvi hula chuma polepole na kuifanya sehemu ya juu ing'ang'anie ndani ya ya chini. Kwenye ziwa letu Tanganyika chumvi si tatizo, lakini vumbi la kiangazi hufanya kazi ile ile.